Printa nayo ipewe namba yake ya kudumu

Huku chuo ni wiki ya kukabidhi ripoti za utafiti, steshenari zote za getini zimejaa. Mnajua jioni nashika zamu kwenye mojawapo ili nipate hela ya kula. Kilio ni kimoja: "Printa haionekani!"

Inawaka, karatasi ipo, wino upo, ila kompyuta zinasema haipo. Foleni inanung'unika, mwenye duka anapoteza wateja, anaitwa fundi wa kuweka programu upya. Jamani, mara nyingi printa ni nzima. Imehama anwani tu.

Iko hivi. Kwenye mtandao wa ofisi ndogo kila kifaa kina anwani ya IP, mfano 192.168.1.120. Ruta huzigawa yenyewe kwa utaratibu uitwao DHCP, tena huziazimisha kwa muda. Simu yako ikibadilishiwa haikusumbui, maana hakuna anayeitafuta. Printa inatafutwa na kila mtu! Ikizimwa Jumamosi jioni na kuwashwa Jumatatu, muda wake unaweza kuwa umekwisha na 120 imeshachukuliwa na simu ya mtu. Printa inapewa 127, kompyuta zinaendelea kubisha hodi 120. Ni kama mwalimu aliyehamishiwa darasa lingine bila tangazo ubaoni.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, andika anwani kwenye printa yenyewe, ila iwe nje ya zile zinazogawiwa na ruta. Ruta ikigawa 100 hadi 200, printa ipe 50. Ukiing'ang'ania 120, ipo siku ruta itampa mwingine hiyo hiyo, na hapo vitagongana.

Ya pili ndiyo naipenda. Ingia kwenye ruta, andika namba ya MAC ya printa, zile herufi na tarakimu 12 ilizotoka nazo kiwandani, uiagize ruta kwamba huyu apewe anwani ile ile siku zote. Hapo kila kitu kiko kwenye daftari moja, kama la mahudhurio. Ukibadilisha ruta tu, ujue daftari limeondoka nayo, unaandika upya.

Kisha elekeza kila kompyuta kwenye anwani hiyo, na ubandike kikaratasi chenye namba juu ya printa. Haigharimu hata shilingi, na duka dogo linabaki na hela ambayo ingeenda kwa fundi kila baada ya wiki mbili.

Nyie mlioko field maofisini, huko mnafanyaje? Nipeni uzoefu. Mimi kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Alamsiki!