Chupa ya Maziwa Angani mwa Lushoto

Msafiri anayeiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kwenda Lushoto huagana na joto la bondeni kabla hajafika Soni. Ni kilomita zipatazo 33 za kona zilizochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, na kila penye kiganja cha udongo pana matuta ya kabichi, karoti au maharage. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal. Jina hilo liliondoka pamoja nao. Safari hii hatukwenda kuyaona maporomoko ya Soni, wala kusimama juu ya jabali la Irente kuitazama Mazinde iliyolala chini kabisa. Mwalimu mmoja wa fizikia alitualika tukatazame roketi.

Taabu ya kwanza ya kurusha roketi Usambara ni kupata mahali tambarare. Uwanja wa shule ile umekatwa katika mteremko, na ukingo wake mmoja unaishia kwenye kabichi za mzee jirani, ambaye alikuwa amekwisha kuombwa radhi tangu asubuhi. Taabu ya pili ni chupa. Chupa ya maji ya kunywa haifai, kwa kuwa plastiki yake ni nyembamba. Inatakiwa ya soda, iliyotengenezwa kustahimili gesi. Na huko mlimani chupa tupu ya soda si taka. Hutiwa maziwa, asali, mafuta ya taa. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuja na chupa ya lita mbili ambayo kwao hutumika kwa maziwa, naye alikuwa na sharti moja: irudi nzima kabla ya ng'ombe kukamuliwa jioni.

Mwalimu alitueleza kando sababu ya shughuli ile. Juma lililofuata wanafunzi wake wangechagua masomo ya kidato cha tatu, na wengi, hasa wasichana, walikwisha kuazimia kuiacha fizikia. Wameisoma ubaoni tu, tena kwa Kiingereza. Hatukuona la kuwalaumu.

Roketi yenyewe ilikuwa sahili. Mabawa matatu ya boksi yaligandishwa ubavuni mwa chupa kwa selotepu, shingo ikielekea chini. Kizibo kilichongwa kutoka soli ya kandambili kuukuu, kikatobolewa na kupitishwa vali ya baiskeli, kisha mpira mrefu ukaunganishwa na pampu. Mwalimu alikataza mtu yeyote kuinama juu ya chupa baada ya pampu kuanza, na alilirudia katazo hilo mpaka watoto wakacheka.

Kundi la kwanza lilijaza maji hadi shingoni, kwa hoja kwamba maji ndiyo mafuta ya roketi. Chupa iliinuka kimo cha mtu mzima, ikaanguka na kuwalowesha waliokuwa karibu. Kundi la pili halikutia maji kabisa. Kukasikika mlio mkali, chupa ikafika usawa wa paa la darasa, basi. Wengine walicheka, yule binti mwenye chupa aliandika vipimo vyote viwili daftarini.

"Mwalimu," akauliza, "kama kujaza hakufai na kuacha tupu hakufai, kwa nini tusitafute katikati?"

Wakatafuta. Nusu ilikwenda vizuri, theluthi moja ikaishinda nusu. Hapo mwalimu akapata nafasi aliyoingojea mwaka mzima. Hewa iliyobanwa ndiyo yenye nguvu, akasema, na maji ndiyo mzigo unaotupwa chini ili chupa isukumwe juu. Ukijaza maji, hewa haina pa kubanwa. Ukiyaacha, hakuna kizito cha kutupa. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini, na pampu ikawekwa chini.

Tuliporudi uwanjani tuliwasimulia watoto habari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, pwani ya jirani zetu wa Kenya. Hapo Waitalia walisimika jukwaa baharini, liitwalo San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliondoka hapo na setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru. Walikuja huko kwa sababu karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi hupata msukumo wa bure. "Kwa Kiswahili?" akauliza mvulana mmoja kuhusu lile jina, na hakuridhika mpaka tukamwandikia.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya chupa ya maziwa, maji theluthi moja. Mtoto mmoja alisimama mita 20 kando akiwa na kipimapembe, uzi na jiwe. Kizibo kilifyatuka, ukungu wa maji ukatanda, na chupa ikapanda mpaka kipimo kikasoma nyuzi 45. Yaani kimo chake kilikuwa sawa na umbali ule, mita 20, bila kuhesabu kimo cha mpimaji. Upepo ukaichukua mpaka kwenye kabichi. Mzee aliileta mwenyewe, akauliza kama itarushwa tena.

Haikurushwa. Binti aliigeuza huku na huku akitafuta ufa, akaisuuza bombani mara tatu na kuifunga kizibo chake. Tulimpita njiani tukiteremka kwenda Soni, chupa kwapani, mabawa yakiwa bado hayajabanduliwa.