Magitaa mazito, chumba kidogo na sikio la mama

Najua nimepotea. Wiki kadhaa zimepita bila neno lolote hapa, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama kazi imenimeza. La, si kazi. Nilikuwa nimejifungia chumbani nikipigana na magitaa, na leo nataka kuwasimulia vita hivyo, kwa sababu nimejifunza mambo ambayo hata miaka minne ya sayansi ya kompyuta haikunifundisha.

Wanaonijua wanajua kwamba mchana naandika programu na usiku nasikiliza metali, muziki ambao mama yangu huuita kelele za mabati. Sisi wa namna hii Nairobi si wengi, lakini tupo. Mwaka 2020 vijana wawili wa hapa, kundi la Duma, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na habari zake zikaandikwa hadi Ulaya na Marekani. Kwa hivyo msiniambie ni muziki wa wazungu.

Sasa, nina rafiki niliyesoma naye chuoni. Anapiga gitaa na kuimba. Mapema mwaka huu alipata kandarasi ya miaka miwili huko Doha, na tiketi ikaja ikiwa zimebaki wikendi nne tu. Alikuwa na nyimbo tatu ambazo hazijawahi kurekodiwa. Mmoja aliutunga baada ya baba yake kufariki, kwa Kiswahili, na alitaka mama yake aachiwe huo kabla hajaondoka.

"Mama anajua tu kwamba nilinunua gitaa na pesa za karo," akaniambia. "Nataka asikie nilichofanya nalo."

Nikamjibu kwa kiburi cha watu wa kompyuta: "Niachie mimi. Hii ni programu tu."

Jirani wa chini

Njia ya kawaida ya kurekodi gitaa zito ni amplifaya yenye spika ya inchi 12, na mbele yake maikrofoni, mara nyingi Shure SM57 ambayo imekuwa sokoni tangu 1965. Tuliazima vyote viwili. Tukaegemeza godoro ukutani, tukaziba dirisha kwa blanketi. Shida ya amplifaya za valvu ni kwamba utamu wake hutoka ukizifungulia sauti, na mimi naishi ghorofa ya tatu katika nyumba ambayo ukipiga chafya jirani anakuambia pole.

Dakika ishirini hazikuisha. Mlango ukabishwa, na hapo mlangoni alikuwa mama wa ghorofa ya pili, mtoto mgongoni.

"Kijana, hiyo jenereta yenu imeharibika? Mtoto amekataa kulala."

"Pole sana mama, tunazima sasa hivi."

Ukawa mwisho wa amplifaya. Tukachomeka gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya nje, katika tundu la ala za muziki. Angalieni sana tundu hilo. Ukichomeka gitaa katika tundu la kawaida, sauti zake za juu zinakufa, kwa sababu pikapu za gitaa ni dhaifu na zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaohm 1. Sauti inayoingia hapo ni safi na kavu, haina uzito wowote. Uzito tunauongeza baadaye ndani ya tarakilishi.

Nilitumia Neural Amp Modeler, programu ya bure ya msimbo wazi iliyoanzishwa na Steven Atkinson. Inafunza mtandao wa neva kwa kuulisha sauti iliyoingia katika amplifaya halisi na sauti iliyotoka, mpaka mtandao ujue kuiga amplifaya hiyo. Baada yake unaweka impalsi ya spika, yaani faili fupi la sauti linaloonyesha jinsi spika na maikrofoni vinavyojibu mlio mmoja mfupi kama kofi. Usisahau hatua hiyo. Spika ya gitaa hufifisha sehemu kubwa ya sauti zilizo juu ya Hz 5,000 hivi. Bila spika, amplifaya ya dola elfu tatu inalia kama nyuki ndani ya kopo.

Mambo mawili madogo yalitusumbua kabla ya kuanza. La kwanza, ucheleweshaji. Bafa ya sampuli 1,024 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21, na hiyo ni kuingia tu. Mpigaji anahisi kama anapiga gitaa la mtu mwingine. Tukashusha hadi 128, milisekunde chini ya 3. La pili, mvumo. Stima yetu ni ya Hz 50, na chaja ya tarakilishi ilikuwa inauingiza mvumo huo kwenye kila kitu. Tulichomoa chaja, tukarekodi kwa betri, kukatulia kabisa.

Geini si uzito

Niwaeleze kidogo mkwaruzo wa gitaa ni nini hasa, maana hapa ndipo mtu wa programu anafurahi. Wimbi la sauti linapokuwa kubwa kuliko uwezo wa kifaa, vilele vyake vinakatwa. Kukatwa huko kunazaa sauti mpya juu ya ile ya mwanzo, mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliipata sauti hiyo kwa kuchana koni ya spika yake kwa wembe. Mimi niliipata kwa mstari mmoja wa programu, kwa kupitisha kila sampuli katika tanjenti haipaboliki, nikajiona mjanja.

Ujanja uliisha haraka. Nikirekodi kwa sampuli 48,000, tarakilishi haiwezi kubeba sauti iliyo juu ya Hz 24,000. Mkwaruzo ukizaa sauti ya Hz 30,000, haipotei. Inakunjika na kurudi chini kama Hz 18,000, sauti isiyo na udugu wowote na noti iliyopigwa. Ndiyo maana programu nzuri za amplifaya huongeza sampuli mara nne au nane kabla ya kukwaruza, kisha huzipunguza tena. Yangu haikufanya hivyo, ikalia kama redio iliyokosa stesheni. Nikarudi kwa wenye kujua.

Kuna pia sababu ya wapiga metali kupenda kodi ya noti mbili, ya kwanza na ya tano (nasema kodi ya gitaa, si ile ambayo mwenye nyumba huijia tarehe tano). Noti hizo zina uwiano wa 2 kwa 3. Zikikwaruzwa pamoja, tofauti yao inatoa 1, ambayo ni noti ile ile ya kwanza oktava moja chini. Gitaa linajizalishia besi bure! Ukiongeza noti ya tatu, tofauti zinakuwa nyingi na zinagombana, inabaki matope.

Kosa letu lilikuwa geini. Rafiki yangu aliizungusha hadi mwisho, nami nikakubali, kwa sababu ukiwa peke yako na hedifoni inasikika kubwa kama treni. Lakini geini inabana sauti. Pigo la kidole linapotea, na unapopanga magitaa kadhaa pamoja kila moja linaleta ukungu wake. Tuliposhusha geini hadi karibu nusu, tena gitaa likiwa peke yake lilionekana jepesi, lakini magitaa mawili yakiwa na besi na ngoma, ukuta ukasimama.

Kosa langu kubwa

Nyimbo mbili za kwanza alizipiga mara mbili mbili, mwanzo hadi mwisho. Pigo la kwanza tukaliweka kushoto kabisa, la pili kulia kabisa. Hakuna binadamu anayeweza kupiga mara mbili sawasawa, na tofauti hizo ndogo za wakati na nguvu ndizo zinazofanya sikio lisikie upana.

Wimbo wa baba yake tuliufikia Jumamosi ya mwisho, jioni. Alikuwa amechoka, vidole vimevimba, na kesho yake alikuwa anasafiri. Alipiga mara moja, vizuri sana, kisha akaimba akiwa amesimama ndani ya kabati langu la nguo. Akaniuliza, "Nirudie gitaa?"

Mtu wa programu amefundishwa asiandike kitu kilekile mara mbili. Nikamwambia, "Twende tukale, hiyo nitanakili."

Jumapili akaruka. Usiku huo nikanakili traki ya gitaa, moja kushoto, moja kulia. Nilichopata ni gitaa moja katikati, kubwa zaidi, limekaa juu ya sauti yake kabisa. Bila shaka! Vitu viwili vinavyofanana kila sampuli sikio linavisikia ni kimoja. Nikachelewesha moja kwa milisekunde 15. Kwenye hedifoni, ajabu, pana kama uwanja. Nikamtumia rafiki yangu, naye akamtumia mama yake kwa simu.

Asubuhi nikapata ujumbe kutoka Doha. Mama alikuwa ameuliza: "Nasikia upepo. Wewe uko wapi hapo ndani?"

Nilikaa kwenye kitanda nikausoma ujumbe huo mara nyingi. Wimbo wote ulikuwa wa yeye kusikia maneno ya mwanawe.

Hesabu yake ni rahisi, na ningepaswa kuifanya mapema. Simu nyingi huchanganya kushoto na kulia. Sauti ikijumlishwa na nakala yake iliyochelewa milisekunde 15, kuna masafa yanayofutana: Hz 33, 100, 167, na kuendelea kila baada ya Hz 67. Gitaa linabaki na mashimo kama chana. Kwenye simu lilikuwa upepo kweli. Mama hakukosea hata kidogo.

Jibu lilikuwa ndani ya faili

Rafiki yangu hakuwa na gitaa huko aliko, na gitaa lake lilikuwa ukutani kwangu likinitazama. Siwezi kupiga kama yeye. Siku tatu nilijaribu amplifaya tofauti kila upande. Ilisaidia kidogo, lakini mkono ulikuwa uleule, wakati uleule.

Siku ya nne, nikiwa ndani ya matatu, ndipo nilipokumbuka: wimbo una beti mbili na viitikio viwili, na gitaa linapiga kitu kilekile katika kila kimoja. Tulirekodi kwa metronomu. Kumbe alikuwa amepiga mara mbili, mimi ndiye niliyekuwa sijaona! Nikachukua gitaa la ubeti wa pili, lile safi ambalo halijakwaruzwa, nikaliweka kulia mwa ubeti wa kwanza. La ubeti wa kwanza nikaliweka kulia mwa wa pili. Viitikio nikafanya vivyo hivyo. Magitaa yakafunguka, na katikati pakabaki nafasi ya mtu kuimba.

Sehemu ya mwisho aliipiga mara moja tu, haina pacha. Niliiacha vile, gitaa moja katikati, nikalishusha.

Mengine yalikuwa kazi ya mikono. Magitaa niliyakata chini ya Hz 90, kwa sababu hapo ni kwa besi; uzi mnene wa gitaa ni Hz 82 na wa besi ni 41, na wakigombania chumba kimoja hakuna anayelala. Uzito unaousikia kwenye rekodi za metali, sehemu kubwa ni besi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa Hz 41, kwa hivyo niliikwaruza besi kidogo ili sauti zake za juu zifike mpaka kwa mama. Nilitafuta mlio mmoja mwembamba wa nyuki karibu na Hz 5,000 nikaupunguza. Na kati ya Hz 2,000 na 4,000, ambapo konsonanti za mwimbaji hukaa, magitaa yanashuka desibeli 2 kila anapofungua mdomo.

Na nilisikiliza kwa sauti ya chini. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hupungua sauti inapokuwa kubwa. Ndiyo maana kila miksi ni tamu ukifungulia. Safari hii niliweka simu mezani, nikaenda jikoni kuosha vyombo. Niliposikia kila neno huku maji yakitiririka, nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mama alisema amemsikia, na kwamba ameusikiliza pamoja na shangazi. Kisha akauliza kama hizo kelele za nyuma haziwezi kupunguzwa kidogo.

Rafiki yangu naye akaandika saa nane usiku: "Kulia, ubeti wa kwanza. Huko mimi sikupiga hivyo." Masikio ya mwenye wimbo hayadanganyiki. Nilimweleza, akacheka, akasema akirudi tutaupiga tena vizuri. Nimemwambia sawa, lakini huu haufutwi.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayetaka kujaribu nyumbani: hifadhi daima sauti kavu ya gitaa, shusha geini, rekodi kwa metronomu. Na mpigaji akikuuliza kama arudie, mwambie arudie. Chakula kitangoja.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwa programu, naahidi.