Akiba ya majani katika nchi ya chai

Msomaji mpenzi, ukitoka Nakuru ukapita Londiani kuelekea Kericho, huenda ukadhani kwamba ng'ombe wa huko hawajui njaa. Pande zote za barabara ni kijani kitupu, na alasiri mvua si mgeni. Lakini tazama vizuri. Kijani hicho ni chai, na chai si chakula cha ng'ombe. Mwenye ekari mbili akishapanda chai na mahindi ya ugali, mahali panapobaki pa mifugo ni kidogo mno.

Sasa jaribu kufika huko Januari. Pita Litein na Kapkatet, na ukifika Kaplong, kata kushoto uelekee Bomet. Kadiri unavyokaribia Longisa na Chepalungu, ndivyo chai inavyoadimika na nyasi zinavyokauka. Maziwa nayo hupungua, na ni mwezi huo huo ambapo shule hufunguliwa na karo kudaiwa. Hapo ndipo utakapowatambua majirani wawili: mmoja anahangaika na panga akitafuta majani ya migomba, na mwenzake anafunua shimo lake la sileji.

Sileji ni nini? Ni majani mabichi yaliyochachushwa na kuhifadhiwa pasipo hewa. Mahindi hukatwa mashina na yote punje zinapoanza kukomaa, kabla hazijakauka. Hukatakatwa vipande vya kama inchi moja, yakatiwa shimoni, yakashindiliwa barabara na kufunikwa kwa plastiki na udongo. Hewa au maji ya mvua yakiingia, ukungu huharibu kazi yote. Kwa hiyo shimo huchimbwa palipoinuka. Baada ya mwezi mmoja hivi, chakula huwa tayari.

Hata hivyo, mahindi peke yake hutia nguvu tu. Protini yake ni haba. Ndiyo sababu mfugaji mwerevu huchanganya nafaka na mikunde: mahindi au mtama pamoja na fiwi au desmodiamu, na penye baridi, oti pamoja na vechi. Sehemu moja ya mikunde kwa tatu za nafaka yafaa. Mikunde mitupu haichachi vizuri kwa kuwa sukari yake ni kidogo, ila ikiongezewa molasi.

Wenyeji wa Bomet wana sababu nyingine ya kutotegemea mahindi tu. Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili uliripotiwa Longisa, mara ya kwanza nchini Kenya. Mashamba yalikauka, na wengi hawakuvuna kitu. Virusi hivyo hushambulia mimea ya jamii ya nyasi, mikunde huiacha.

Je, shimo liwe kubwa kiasi gani? Ng'ombe mmoja akipewa kilo 20 kwa siku, kwa siku 90 atakula kilo 1,800. Shimo la urefu wa mita 2, upana mita 2 na kina mita 1, likishindiliwa vyema, huchukua takriban tani 2. Mlishe baada ya kukama, wala si kabla, ili maziwa yasipate harufu.

Ukitembelea boma la Wakipsigis, hutakosa kukaribishwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Huo nao ni ujuzi wa kuchachusha chakula, kukifunika na kukingoja kwa subira. Basi sileji si elimu ngeni kwao. Ni mursik ya ng'ombe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya majani, msomaji, huoza upesi sana usipoifunika. Shindilia, funika, kisha uingoje Januari bila hofu.