Nani Mwingine Anakohoa Nyumbani?

Zahanati ya kwanza aliyopangiwa nesi mmoja, kusini mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na friji la mafuta ya taa na sindano za kioo za kuchemsha. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulikuwa umeanza 1975, lakini kifaduro bado kilikuwa mgeni wa kila mwaka vijijini. Akina bibi walikitambua kwa masikio tu: mtoto anakohoa mfululizo hadi pumzi inamwishia, hewa inaingia kwa mlio mkali kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika, kisha anatapika.

Kilichomshangaza nesi huyu ni kwamba mtoto yuleyule, akishapanguswa mdomo, alirudi kucheza. Homa hana, kifua kinasikika safi. Akipimwa wakati huo, hurudishwa nyumbani na dawa ya mafua. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake: mama akae chini ya mwembe, mtoto anywe uji, wasubiri. Mara nyingi uji wenyewe uliamsha kikohozi. Alitazama weupe wa macho kama umevia damu, kisha akamwomba mtoto ainue ulimi. Pale chini, kwenye kile kiuzi kinachoushikilia, wakati mwingine palikuwa na kijidonda, maana mtoto akikohoa kwa nguvu ulimi hutoka nje na kusuguana na meno ya chini. Wanafunzi wa uuguzi walipenda kuoneshwa dalili hiyo. Yeye aliwakumbusha kwamba wiki moja au mbili za mwanzo hakuna mlio wala kidonda, ni kamasi na kikohozi chepesi, na huo ndio wakati ugonjwa unapoambukiza sana na dawa zinaposaidia zaidi.

Wachanga ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa miezi miwili huenda asitoe mlio, pengine asikohoe hata kidogo. Ananyonya kidogo, anaacha, midomo na kucha zinabadilika rangi, pumzi inasita.

“Nesi, usiku huyu anasahau kupumua,” mama mmoja alimwambia.

Hapakuwa na gari la wagonjwa. Waliondoka kwa lori la korosho kwenda hospitali ya wilaya, nesi amempakata mtoto, akimsugua mgongo kila kifua kilipotulia kuliko kawaida. Mtoto alipona baada ya kulazwa kwa muda mrefu. Nyumbani kwao, anayekohoa alikuwa shangazi, mwanamke mzima aliyelima kila siku na hakujihesabu mgonjwa.

Tangu hapo kila mahojiano yake yalikuwa na swali hilo: nani mwingine anakohoa nyumbani? Kinga ya kifaduro hufifia kwa miaka, iwe ilitokana na chanjo au na ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana kijana au mtu mzima hukohoa wiki nyingi bila ule mlio wa kitoto. Mwalimu mmoja alipimwa makohozi mara kadhaa kwa kushukiwa kifua kikuu, na ilikuwa sahihi kuanzia huko, lakini majibu yalitoka safi. Alipoulizwa vizuri, alisema kikohozi humshika zaidi usiku, humtapisha, na kimemwachia maumivu ya mbavu. Watu wazima huweza hata kuvunjika ubavu au kuzimia kwa kukohoa.

Alipenda kuwasimulia wanafunzi habari za Pearl Kendrick na Grace Eldering, wanasayansi wa Grand Rapids, Marekani, ambao katika miaka ya 1930 walizunguka nyumba za wagonjwa jioni baada ya kazi, wakiwashikia watoto visahani mbele ya mdomo ili wakohoe juu yake. Wote wawili waliugua kifaduro utotoni. Chanjo yao ilijaribiwa kwa mafanikio mjini humohumo.

Sasa amestaafu, na akina mama humletea video za simu badala ya kusubiri mwembeni, jambo analolisifu. Linalomkera ni pengo la mwanzo: dozi ya kwanza ya mtoto hutolewa akiwa na wiki 6, na kabla ya hapo hana kinga yake mwenyewe. Uingereza imekuwa ikiwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu 2012, ili mtoto azaliwe na kinga ya mama. Sindano aliyoizoea yeye kuwachoma wajawazito kliniki ilikuwa ya pepopunda.