Pigo Limempata, au Limehesabiwa Kuwa Limempata? Tafakuri juu ya Njeo na Hali katika Kanuni za Mchezo wa Mezani

Wanaisimu tumezoea kutafuta mifano ya njeo na hali katika hadithi, magazeti na mazungumzo ya kila siku. Ni nadra kuitafuta katika kanuni za michezo, ilhali kanuni ni matini ambamo kiambishi kimoja huweza kuamua nani aanguke na nani abaki wima. Makala haya yanatafakari aina moja ya kanuni hizo, yaani zile zinazoeleza ni wakati gani hasa mchezaji anaruhusiwa kujikinga dhidi ya pigo la adui.

Mchezo ninaoukusudia ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake, huku msimamizi akisimulia ulimwengu wao na kuwaendesha maadui. Penye shaka, dadu lenye pande 20 huamua. Nilianza kuuchunguza pale wanafunzi wangu wa uzamili waliponiomba niipitie tafsiri yao ya kanuni za toleo la mwaka 2014. Mazimwi na wachawi hawakuwatatiza. Kilichowatatiza ni vishazi vya wakati.

Shambulio katika mchezo huu hupitia hatua nne. Kwanza, mshambuliaji humtaja anayemlenga. Pili, hurusha dadu na kujumlisha nyongeza zake. Tatu, jumla hiyo hulinganishwa na kiwango cha kinga cha mlengwa. Ikilingana nacho au ikikizidi, pigo limempata. Nne, madhara huhesabiwa na kutolewa katika alama za uhai wa mlengwa. Mijibizo, yaani matendo ambayo mchezaji huyafanya kwa ghafla ili kujibu tendo la mwingine, hupenya baina ya hatua hizi, na kila mjibizo una mlango wake.

Katika toleo hilo, shujaa mwenye mtindo wa Ulinzi humkinga mwenzake aliye ndani ya futi 5 kwa kumfanya adui arushe dadu mara mbili na kuchukua tokeo dogo. Mlango wake ni shambulio lenyewe, kabla tokeo halijajulikana. Mchawi mwenye uchawi wa Ngao husubiri mpaka pigo limpate, ndipo aongeze 5 katika kinga yake, hata dhidi ya pigo lile lile. Mjanja mwenye ustadi wa kukwepa naye hungoja apigwe, lakini yeye hupunguza madhara kwa nusu tu; pigo halimkosi.

Kwa kuwa mchezaji ana mjibizo mmoja tu hadi zamu yake irejee, suala la mlango si la urembo. Tuchukue mchawi mwenye kinga ya 15 na alama 6 za uhai. Adui anapata jumla ya 18, na madhara yake yangekuwa 8. Ngao ikitumika baada ya pigo kumpata na kabla ya madhara, kinga inakuwa 20 na mchawi anapona. Kanuni ikisomwa kuwa aitumie kabla ya dadu kurushwa, anacheza kamari: huenda adui angemkosa bila Ngao, na akiba yake ya uchawi ikateketea bure. Ikisomwa kuwa aitumie baada ya madhara, amekwisha kuanguka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomdai mfasiri uamuzi. Kiingereza cha kanuni hizo hutumia kitenzi cha wakati uliopo sahili, ambacho chenyewe hakisemi kama tendo linaanza, linaendelea au limekamilika. Sisi husema "adui anapokushambulia", tukilichukua tendo likiwa njiani. Au "adui akikushambulia", tukichanganya wakati na sharti. Au "adui akishakushambulia", tukilifunga kabisa. Mfasiri akichagua -po- kila mahali kwa ajili ya usawa, na mwenzake akachagua -kisha-, tafsiri zote mbili zitakuwa sanifu kisarufi, lakini zitazaa michezo miwili.

Kwa mtindo wa Ulinzi tulikubaliana haraka: "adui anapomshambulia mwenzako, na kabla hajarusha dadu". Ngao ilikuwa ngumu zaidi. "Pigo likishakupata" ilielekea kufaa, hadi mwanafunzi mmoja alipouliza: kama limekwisha kunipata, litanikosaje tena? Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Katika mazungumzo ya kawaida hatusemi kwamba risasi imempata mtu, kisha tukasema risasi hiyo hiyo imemkosa.

Jawabu ni kwamba "kupata" katika kanuni hizi si tukio bali ni hukumu. J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1962, alizitenga semi zinazotoa hukumu na kuzipa kundi lake. Mashabiki wa kandanda wanalijua jambo hili bila kumsoma Austin. Mpira kutinga wavuni ni tukio. Goli ni hukumu. Tangu video ilipotumika kumsaidia mwamuzi katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 kule Urusi, wanajua kwamba goli lililokwisha kushangiliwa laweza kutenguliwa kwa kuotea. Kwa hiyo tuliandika: "pigo likishahesabiwa kuwa limekupata, na kabla madhara hayajahesabiwa". Ni ndefu, lakini inasema wazi jambo ambalo matini asilia yamemwachia msomaji alikisie.

Pengine itadaiwa kwamba busara ya msimamizi yatosha. Nadhani haitoshi, kwani watunzi wenyewe wameuhamisha mlango. Mwaka 2014, mghani mwenye Maneno Makali aliweza kulipunguza shambulio la adui baada ya dadu kurushwa, lakini kabla msimamizi hajaamua kama limefaulu. Katika toleo la mwaka 2024, yeye husubiri lifaulu kwanza. Dhana ya uwezo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kamari imekuwa uamuzi wenye taarifa. Hivyo, mfasiri wa kanuni hana budi kuuchora kwanza mfuatano wa hatua, ndipo achague kiambishi.