Chujio Lililokwama

Bila shaka umewahi kumwona mama akichuja chai. Majani hubaki katika chujio, na chai hupita. Gari nalo lina chujio lake. Katika malori mengi ya zamani yatumiayo dizeli, chujio hilo ni kopo la bati lenye karatasi maalumu ndani, nalo huning'inia kando ya injini. Juu yake pana hesi, yaani mizunguko kama ile ya shingo ya chupa, na pete ya mpira izuiayo dizeli isivuje. Karatasi ikijaa uchafu, injini hukosa nguvu.

Mwaka 2009 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni mkoani Dodoma. Kiangazi kile maji yetu yaliletwa katika mapipa kwa lori kuukuu. Siku moja lori lilizimika mlimani likienda kuteka, na shuleni hapakuwa na maji hata ya kupikia. Fundi, mzee mmoja mtaratibu, alikuja kwa baiskeli na chujio jipya mfukoni. Utingo, kijana mwenye misuli, hakumngoja. Alipanda juu ya bampa, akainama, akalishika chujio lililoziba kwa mikono miwili na kulizungusha kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

"Unalikaza, mwanangu," mzee akamwambia.

Jambo hili huwachanganya hata watu wazima. Usilijaribu kwenye gari. Twaa chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Elekeza kifuniko kwako, ukifungue. Mkono wako huenda kinyume cha mishale ya saa. Kifunge tena, ugeuze chupa ili kifuniko kielekee chini, kisha kifungue huku ukitazama kutoka juu. Je, mkono wako sasa unazunguka upande gani? Utingo alikuwa akitazama kutoka juu.

Hata lilipozungushwa upande uliotakiwa, chujio lilikataa. Mpira uliobanwa na kupata joto la injini kwa muda mrefu hugandamana na chuma. Tena, aliyelifunga alikuwa amelikaza kwa spana, jambo lisilofaa. Utingo alitaka kulitoboa kwa bisibisi apate pa kushikia. Mzee hakukubali. Bati lile ni jembamba. Lingechanika, kipande kingebaki kimeng'ang'ania, na lori lingelala mlimani. Alimzuia pia dereva asiwashe sigara, kwa kuwa dizeli huwaka.

Kwanza alilipangusa kopo likakauka, maana mafuta hupunguza msuguano. Kisha akauzungushia mkanda wa ngozi na kuifunga miisho yake kwenye kipande cha nondo. Kadiri nondo ilivyovutwa, ndivyo mkanda ulivyobana. Sasa piga hesabu. Kopo lilikuwa na upana wa sentimita 8 hivi. Kwa hiyo kiganja cha utingo kilikuwa sentimita 4 tu kutoka katikati. Mkono wa mzee, kwenye nondo, ulikuwa sentimita 24 kutoka katikati. Kwa nguvu ile ile, uwezo wa kuzungusha ukawa mara 6. Mzee yule mwembamba alivuta mara moja tu, chujio likalia na kulegea.

Dizeli iliyokuwamo aliimimina katika chupa ya kioo, akaniita nitazame. Baada ya muda mfupi maji yalionekana chini na dizeli juu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli ya ujazo ule ule.

Pete ya chujio jipya aliipaka dizeli. Mpira ulipogusa chuma, akaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, basi. Halafu akasukuma pampu ndogo kuondoa hewa iliyoingia katika mabomba. Hewa hushindilika kwa urahisi. Ikibaki humo, dizeli haifiki kwenye injini ipasavyo. Likatoka povu, kisha dizeli tupu. Dereva akawasha, na kabla ya jua kuchwa mapipa yaliwasili shuleni yamejaa.