Vyombo vya Nyumba Vinasema Nini?

Wazee wetu husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tulilifuata neno hilo tulipokwenda Lubumbashi, katika nchi ya Katanga, wakati wa kiangazi. Mgeni akifika katika mji huo huonyeshwa kwanza dohani ndefu ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, na mlima mweusi wa masalio ya madini uliosimama kando yake. Vitu hivyo vinaonekana toka mbali, wala havihitaji mtu wa kuvieleza. Sisi tulitaka kuona visivyoonekana toka barabarani. Tulitaka kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, kuketi katika viti vyao, kutazama kuta zao, na kuwauliza: Kwa nini mmeweka kitu hiki mahali hapa?

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uleule reli ilifika huko toka kusini. Hata 1966 uliitwa Elisabethville. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi mahali pengi: Kasai, Luapula, hata Rwanda na Urundi. Hapo mwanzo wengi wao walikuja peke yao, wakamaliza mapatano yao, wakarudi kwao. Mtu wa namna hiyo hahitaji vyombo vingi. Mkeka na sanduku vinamtosha. Lakini toka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao. Basi pale kambini pakazaliwa jamaa, na jamaa ikataka meza. Baada ya meza vikaja viti, baada ya viti kabati, na baada ya kabati picha ukutani. Hivi ndivyo chumba cha wageni kilivyopata heshima yake katika mji ule.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia iko Kamalondo, mtaa wa zamani kuliko mitaa mingine ya wenyeji. Mwenye nyumba ni mama mzee, na wajukuu wake ni wengi. Alitukaribisha katika chumba chenye viti sita vya mbao. Tuliona kwamba viti viwili vimevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na vinne havina kitu. Tuliwaza moyoni: Maskini, vitambaa vingine vimechakaa, naye hana fedha ya kununua vipya. Lakini tuliogopa kuuliza.

Mama alitambua mawazo yetu, akacheka. «Wanangu,» alisema, «vitambaa hivi alivifuma marehemu mama yangu. Alifundishwa na Masista kambini, pamoja na akina mama wengine, kushona na kufuma. Alifuma sita. Nami nina binti wanne. Kila mmoja alipofunga ndoa, nilitoa kitambaa kimoja katika kiti, nikampa. Sasa kimoja kiko Likasi, kimoja Kolwezi, kimoja Kalemie, na kimoja ng’ambo ya bahari. Nikiona kiti kitupu, namwombea yule aliyeondoka nacho.»

Tulinyamaza kwa haya. Tulidhani tumeona upungufu, kumbe tumeona rozari. Kila kiti ni chembe yake moja, na mama huyu anaisali kila siku akifagia chumba chake.

Toka hapo tulikwenda mtaa wa Kenya, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Yeye ni Mluba. Ukuta wa chumba chake umejaa. Katikati kuna msalaba, na nyuma yake tawi la mtende la Dominika ya Matawi. Upande wa kuume kuna picha ya Mwenye Heri Anuarite, bikira wa Kongo, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenye heri Kinshasa mwaka 1985. Upande wa kushoto kuna picha ya rangi iliyochorwa kwa mkono: bendera ya Wabeljiki, askari mwenye fimbo, na mfungwa amelazwa chini anachapwa. Wanawake wanatazama na kulia.

Katika miaka ya 1970 picha kama hizo zilikuwa nyingi sana katika nyumba za Lubumbashi. Wachoraji walizichora juu ya nguo za magunia ya unga, wakatembea mlango kwa mlango kuziuza. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya Kongo kwa picha zipatazo mia, moja baada ya nyingine. Wenyeji waliziita picha hizo kwa jina moja tu: ukumbusho. Hawakuuliza kwanza kama picha ni nzuri. Waliuliza kama inamkumbusha mtu jambo la kuwaza.

Tulimwuliza mzee: «Baba, mbona umeweka picha ya kilio karibu na msalaba? Mgeni akija, haoni huzuni?»

Alijibu: «Baba yangu alilala chini namna hiyo. Watoto wangu hawakuyaona. Nikiitoa picha hii, watadhani kwamba uhuru ulianguka kama mvua. Nimeiweka karibu na msalaba kwa sababu hata Yeye alichapwa. Wakitazama huyu na huyu, wanajua kwamba Mungu hakuwa mbali.»

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliongeza neno lake. Zamani, alisema, palikuwa na picha nyingine ukutani, ya Mamba Muntu. Wengi wenu mnamjua: nusu mwanamke, nusu samaki, mwenye nywele ndefu. Watu husimulia kwamba anampa mtu utajiri wa ghafula, kisha anadai malipo, na malipo yenyewe ni uhai wa ndugu. Mzee aliinunua kwa kuwa ilikuwa na rangi za kupendeza. Lakini mtoto wao wa kwanza alipoanza kuuliza jinsi ya kumpata mwanamke yule, mama aliitoa picha, akaiweka nyuma ya kabati. Mzee alikasirika juma zima. «Leo namshukuru,» alisema, akicheka kidogo. «Ukuta nao ni mwalimu wa watoto. Mimi nilikuwa nimemwajiri mwalimu bila kumwuliza anafundisha nini.»

Chini ya msalaba palikuwa na kitu kidogo cha shaba chenye mikono minne, mfano wa herufi X. Vijana wengi wangedhani ni msalaba wa Kanisa uliopinda. Sivyo. Ni fedha ya wazee wetu. Wafua shaba wa Katanga waliyeyusha mawe ya madini katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika umbo hilo. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu waliochimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958 waliona misalaba ya shaba imewekwa pamoja na maiti, mingine kifuani, mingine karibu na mikono. Tena mingi ilitumika katika mahari. Huu wa mzee ulitolewa siku bibi yake alipoolewa. Kwa hiyo hauuzi, ingawa wanunuzi wa vitu vya kale wamekwisha kumjia mara mbili.

Mzee alitueleza pia habari ya viti vya wafalme wa Waluba. Tumewahi kuviona viti hivyo katika picha: mwanamke wa mti amesimama au amepiga magoti, naye anakibeba kikalio kwa mikono na kichwa. Kiti kama hicho hakikuwa cha kupumzikia. Kilikuwa alama ya enzi na makao ya ukumbusho wa waliotangulia. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikafichwa katika kijiji kingine chini ya mlinzi, kikatolewa siku chache tu za heshima. «Wazee walijua,» alisema, «kwamba kiti ni kikubwa kuliko yeye anayekikalia.»

Neno hilo lilitufuata mpaka nyumba ya tatu.

Nyumba hiyo iko Katuba. Hatutaji njia wala namba yake. Baba wa nyumba alifariki wakati wa mvua, akiacha mke na watoto watano. Tulipobisha hodi mama alitoka, akatuomba tungoje kidogo. Tulimwona mtoto mmoja akikimbia kwa jirani, akarudi na viti viwili vya plastiki. Ndipo tulipokaribishwa ndani.

Chumba kilikuwa kitupu. Sakafuni tuliona alama nne mahali palipokuwa na kabati. Ukutani tuliona pande nne nyeupe, mahali ambapo picha zilikinga rangi na moshi, na misumari ikiwa bado mahali pake. Mtoto mdogo alikuwa ameketi juu ya bidoni ya maji. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ukutani: msalaba.

«Walikuja siku ya nane baada ya maziko,» mama alituambia. «Walisema vyombo ni vya ndugu yao. Walichukua viti, kabati, kitanda, redio, hata picha ya harusi yetu kwa ajili ya fremu yake. Msalaba waliuogopa.» Alisema hayo bila kupaza sauti. Kisha alitoa kitenge begani, akakikunjua, akakitandika juu ya kiti cha jirani ili tuketi kwa heshima.

Wasomaji wapenzi, sisi tunaoandika maneno haya tumekaa katika vilio vingi. Tumeona kabati likipita mlangoni mchana kweupe, likibebwa na watu ambao jana walikuwa wakilia pamoja nasi. Tulisema kimoyomoyo: Hayo ni mambo ya ukoo, hayatuhusu. Tulikunywa maji ya mjane, tukaenda zetu. Mbele ya kitenge kile tuliona haya.

Wengine watajibu kwamba ndivyo desturi inavyotaka. Tuseme kweli: katika desturi za makabila mengi ukoo wa marehemu ulirithi mali yake. Lakini ukoo uleule ulipokea pia mzigo wake. Aliyechukua jembe la marehemu alilima shamba la mayatima. Siku hizi wengine wanachukua kiti na kumwacha mtoto aliyekuwa akiketi juu yake. Hiyo si desturi ya wazee. Ni nusu ya desturi, na nusu hiyo ni wizi.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawahesabu watoto kuwa warithi wa kwanza. Tena inampa mume au mke aliyebaki haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vyake. Lakini haki isiyojulikana ni kama taa isiyowashwa. Kwa hiyo, ninyi akina baba, msingoje ugonjwa. Kama ndoa yenu imebarikiwa kanisani bila kuandikwa kwa serikali, nendeni mkaiandikishe, na cheti mkitunze vema. Waiteni ndugu zenu mkiwa wazima, muwaambie mbele ya mkeo na watoto: Vyombo hivi ni vya nyumba hii. Na ninyi ndugu wa marehemu, mkienda kwenye kilio, nendeni na mikono mitupu, mrudi na mikono mitupu, au mrudi mmeacha kitu.

Tulipotoka Katuba tuliwaza habari ya nyumba nyingine, ile ya Nazareti. Yosefu alikuwa seremala. Bila shaka meza waliyolia na kiti alichokalia Mtoto Yezu vilitoka mikononi mwake. Mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba Yosefu alifariki kabla Yezu hajaanza kuhubiri. Basi Bikira Maria naye alikuwa mjane, akaishi kati ya vitu vilivyofanywa na mumewe, kila kimoja kikimkumbusha mkono uliokitengeneza. Nani kati yetu angethubutu kuingia katika nyumba ile na kubeba meza ya seremala?

Juma lililofuata tulipata habari toka Lubumbashi. Mama mzee wa Kamalondo, ambaye tulimsimulia yote kabla ya kurudi kwetu, amempelekea mjane wa Katuba viti vyake viwili, vile vyenye vitambaa. Watu wake walimwuliza: Sasa utaketi wapi? Alijibu kwamba bado ana viti vinne, na kwamba hesabu ya sala zake imeongezeka.

Leo jioni, mkiisha kula, tazameni kuta za nyumba zenu pamoja na watoto. Waelezeni kila kitu kimetoka wapi, nani alikifanya, nani alikitoa, na kwa nini hakiuzwi. Watoto wakijua hivyo, hawatakibeba kiti cha mjane.